Jezi Iliyokataa Kukauka

Kamati Ndogo ya Muda ya Kuchunguza Unyevu wa Jezi Nambari Tisa, Stoo ya Michezo, Upande wa Wasichana, iliundwa katika muhula wa pili wa mwaka 2004, na kwa mujibu wa kumbukumbu zake yenyewe, ilikunywa chai kila ilipokutana.

Jambo lilikuwa dogo. Jezi hiyo ya manjano ilifuliwa, ikaanikwa uani, ikakauka, ikakunjwa na kufungiwa stoo pamoja na nyingine. Kulipokucha nyingine zilikuwa kavu, lakini nambari tisa ilikuwa chepechepe. Jasho lilikuwa limeilowesha mgongoni na kwapani, nayo ilikuwa na ujoto kidogo, kama iliyovuliwa dakika hiyo. Ilinuka mafuta ya kafuri, yale ambayo akina mama humpaka mgonjwa kifuani.

Shule ya Sekondari ya Farasi iko viungani mwa Kitale, pale mji unapokoma bila kutangaza na mahindi yanapoanza. Zamani ilikuwa zizi la mzungu mmoja aliyefuga farasi wa mashindano. Alipoondoka baada ya uhuru, serikali ilizoa samadi, ikapaka mabanda chokaa, ikaleta madawati. Mpaka leo ukuta wa Kidato cha Pili una pete za chuma za kufungia hatamu, na wanafunzi huning'iniza mifuko yao hapo. Wizara imeombwa mara kadhaa ibadilishe jina la shule. Hujibu kwamba suala linashughulikiwa, na wale walioanza kulishughulikia wamekwisha kustaafu.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati, naibu wa mkuu wa shule Bwana Wakoli, ambaye alifundisha historia, hakupata taabu kumpata mkosaji.

"Ni farasi," alisema. "Hapo stoo ndipo walikuwa wanaoshewa. Hiyo ni jasho ya ukoloni."

"Na farasi anavaa saizi gani?" aliuliza Madam Wakonyo, mkuu wa shule, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Madam, mzungu alikuwa na farasi wadogo pia."

Ikaandikwa kwamba chanzo kinachoshukiwa ni cha kihistoria, na paa likaguliwe. Farasi alimfaa kila mtu. Hana jamaa wa kuja kuuliza maswali.

Katibu wa kamati alikuwa Bwana Gicheru, mwalimu wa michezo, ambaye pia ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Alijua jezi ilikuwa ya nani. Aliandika kumbukumbu ndefu, kwa mwandiko mzuri, na hakusema kitu.

Jezi nambari tisa ilikuwa ya Phelista Nakhumicha wa Kidato cha Tatu, mkimbiaji bora kuliko wote waliowahi kupita hapo, ukiwaacha farasi. Alikimbia mita elfu moja mia tano akiwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza kama mlango umebishwa. Likizo ya Aprili malaria ilimpanda kichwani, akafa. Shule ilienda kwao Misikhu na basi. Kwaya iliimba, Gicheru akasoma risala ya rambirambi, na basi likarudi kabla mvua haijanyesha.

Jina lake halikufa kwa urahisi namna hiyo. Lilikuwa limepelekwa kwa wasimamizi wa riadha wa wilaya tangu mwanzo wa mwaka, na kuliondoa kulitaka barua ya mkuu wa shule, nakala ya cheti cha kifo, na mihuri ya ofisi mbili ambazo hazikuwahi kufunguliwa siku moja. Mwezi wa Juni akaja Agneta Nekoye, msichana mrefu, mpole, kutoka Malakisi, ameletwa na kaka yake Barasa aliyelima tumbaku na kumlea tangu wazazi wao wafariki. Nekoye alikimbia vizuri mno. Lakini sheria ilisema kwamba mwanafunzi aliyehama shule asishindane mpaka mwaka upite.

Kukawa na jina lisilo na miguu, na miguu isiyo na jina. Gicheru hakuwa mtu mbaya. Alifanya walivyofanya walimu wengi wa michezo kabla yake, ila wao hutumia jina la mtu aliye hai.

"Ukisikia Nakhumicha, wewe itika tu," alimwambia Nekoye wakiwa kwenye nyasi za uwanja wa mashindano.

"Lakini mwalimu, si huyo alikufa?"

"Ni jina tu, Agneta."

Kwa akina Gicheru jina lilikuwa jina tu kweli. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Alipewa jina la babu yake, babu mwenyewe akiwa bado hai, nao wakaishi miaka mingi wakinywa uji pamoja, Gicheru mkubwa na Gicheru mdogo, bila mmoja kumwondoa mwenzake kitini. Kwa akina Nekoye mambo ni mengine. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, mwanamke mzee wa ukoo humpakata na kutaja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Lile litakalomnyamazisha ndilo lake, maana mwenyewe amekubali na ameingia nyumbani. Hakuna anayeita hivyo kwa mzaha, na hakuna anayeita maiti ambaye kaburi lake bado ni udongo mbichi.

Msimamizi aliita kwa kipaza sauti. "Phelista Nakhumicha." Nekoye alikuwa analia kwa woga, mabega yanamtikisika. Akaitwa tena. Gicheru alimgusa kwa kiwiko. Akaitwa mara ya tatu, na kilio kikakatika.

"Niko," alisema.

Alishinda. Alikimbia akiwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto. Gicheru alijiambia kwamba wasichana warefu hukimbia hivyo, na akabeba kombe.

Juma lilelile jezi ikaanza kutoa jasho.

Mwanzoni ni wanafunzi tu walioona mengine, na wanafunzi hawaitwi kwenye kamati. Gicheru alipokuwa akiita majina darasani asubuhi moja, Wamboi, msichana wa dawati la mbele, alimsogelea na kunong'ona, mkono mdomoni.

"Mwalimu, hiyo ya Nakhumicha bado iko hapo. Usiisome."

"Kwa nini?"

"Akisikia ataitika."

"Nani ataitika?"

Wamboi hakugeuka. "Si unajua. Mimi nalala kitanda cha juu yake. Ananuka ile dawa ya kuchua, na hana chupa. Halafu jana ameniuliza kama nilimaliza ile sweta. Ile sweta nilianza na Nakhumicha, Februari. Nekoye hajawahi kuiona, iko nyumbani kwetu."

Gicheru aliita jina la Nekoye. Msichana alikuwa ameketi kwenye dawati la nyuma kabisa, lililoachwa wazi tangu Aprili, anachonga penseli. Aliita tena. Hakuna aliyeinua uso. Darasa zima liliangalia mbele, kama watu waliokubaliana.

Hakulisoma lile jina la chini. Alifunga daftari, akaenda chumba cha walimu, akala mandazi mawili bila kujua yana ladha gani. Tangu siku hiyo mambo yalianza kumfikia kutoka mbali, kana kwamba yanamtokea mtu anayefanana naye.

Jioni, saa ya michezo, alipaka majivu mistari ya uwanja kama kawaida. Nekoye alikuwa anazunguka peke yake. Mwalimu aliinama na debe lake, akasikia nyayo zinakuja, zikampita, na nyuma yake nyingine, nyepesi zaidi, zikampita pia. Aliinua kichwa. Palikuwa na msichana mmoja tu. Alikuwa amesimama, na alikuwa anamtazama kwa upole ule wa mtu mwenye swali alilolificha muda mrefu kwa sababu ya heshima.

"Mwalimu. Ile siku mlikuja kwetu na basi."

Gicheru alishika debe.

"Mliimba vizuri. Ulisoma vizuri. Mbona mlirudi bila mimi? Mimi nilikuwa nimejitayarisha."

Alijibu jambo ambalo baadaye alilikumbuka kwa mshangao. Alisema, "Basi lilikuwa limejaa."

"Ni sawa," msichana alisema. "Mliponiita nilikuja." Akaendelea kukimbia.

Gicheru alienda ofisini kwa Madam Wakonyo na kusema yote. Kombe lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Mwalimu Gicheru," alisema Madam, "unaniambia jini ndiye alishinda mbio?"

"Sijui kama ni jini, Madam. Ni Nakhumicha."

"Nakhumicha amesajiliwa. Kama yuko, basi hakuna sheria imevunjwa. Kama hayuko, wewe umedanganya wilaya nzima, na mimi nimepiga picha na hilo kombe. Unataka nichague gani?" Alisema bila hasira. "Mashindano ya mkoa yakiisha tutaangalia. Kwa sasa andika barua kwa ofisi ya elimu, uombe mwongozo."

Aliandika. Jibu lilikuja upesi kuliko kawaida. Ofisi ilieleza kwamba masuala ya unyevu yapelekwe idara ya ujenzi.

Aliyelichukulia jambo hili kwa uzito ni Barasa. Alikuja Jumapili ya kutembelewa, kavaa koti la harusi, na mkungu wa ndizi mbivu begani. Nekoye alimwamkia vizuri, akapiga goti kidogo, kama anavyoamkiwa mgeni wa mtu mwingine.

"Sasa Agneta."

"Shikamoo. Unatafuta nani?"

"Wacha mchezo, bana. Ni mimi."

"Naona wazazi wengine wako upande wa jikoni," alisema kwa adabu. "Labda yule wako yuko huko."

Barasa alimtazama mdomo, mikono, kovu la goti alilolipata akiwa mdogo akikimbia nyuma yake kwenye mawe ya mto Malakisi. Vyote vilikuwepo. Aliweka ndizi chini polepole. Kisha akamtafuta mwalimu wa michezo, akamsikiliza mpaka mwisho, na hakumpiga. Alisema tu, "Mimi niko na yeye peke yake. Unanielewa? Hakuna mwingine." Akapanda baiskeli yake, na siku iliyofuata akarudi na shangazi wa mama yao, Nakhungu, ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya, kwa maana alikuwa amewapa majina watoto wa mteremko mzima wa mlima Elgon, na wachache aliwahi kuwanyang'anya majina hayo.

Kukhu Nakhungu aliketi kwenye benchi la stoo na kuinusa jezi. Wakoli alikuwa amekuja kwa niaba ya kamati. Alimuuliza kama inaweza kuwa farasi.

"Farasi gani," alisema yule bibi. Akamgeukia Gicheru. "Mwalimu, wewe ulifanya kazi yangu. Ulishika mtoto anayelia, ukaita, akanyamaza. Sasa ulitaka huyo mwingine aende wapi?"

"Anaweza kutoka?"

"Anatoka. Lakini si kwako, wewe humjui. Mama yake amwite kama anamwita nyumbani jioni, halafu akija mbio, mama akunje mikono, amwambie: wewe nilikuzika, rudi. Mara moja. Asimguse. Akimgusa, amempokea, na mtu haondolewi kwa mama yake mara mbili. Huyu wetu atabaki huko nje."

Barasa aliuliza, "Nje wapi?"

Bibi alimrudishia mwalimu jezi.

Gicheru ndiye aliyetumwa Misikhu. Mama Phelista alikuwa sokoni, nyuma ya nyanya zake zilizopangwa mafungu. Alikuwa mwembamba kuliko siku ya mazishi. Alimsikiliza huku akipangusa nyanya moja kwa kanga, na aliendelea kuipangusa muda mrefu baada ya kung'aa. Hakushangaa. Mtu angedhani alikuwa akingoja ujumbe huu na anaona tu umechelewa.

"Anakula?" aliuliza.

"Anakula, Mama."

"Anakula nini?"

"Ndizi. Maharagwe anaacha pembeni."

Mama Phelista alifunika nyanya kwa gunia, akamwomba jirani amwangalilie, akasimama.

"Umeelewa utakalomwambia?" Gicheru alimuuliza walipokuwa njiani.

"Nimeelewa."

"Si yeye, Mama. Ni mtoto wa watu. Kaka yake anamngoja."

"Nimesema nimeelewa, mwalimu."

Walisimama mwisho wa uwanja, kwenye mstari wa majivu, saa za michezo, mawingu yakiwa yameshuka juu ya mahindi kama yanavyoshuka Kitale kila alasiri ya msimu huo. Kukhu Nakhungu upande mmoja, Barasa upande mwingine, mwalimu katikati na kipaza sauti alichoambiwa aseme nacho kwamba jina alilolitoa halikuwa lake kulitoa, naye akasema, na sauti yake ikatoka imefifia, kama ya mtu anayetangaza gari lililoegeshwa vibaya. Wanafunzi walikuwa wamefungiwa madarasani. Pete za ukutani zilisikika zikigonga ingawa hapakuwa na upepo wala mfuko uliosogezwa.

"Mwite," alisema Kukhu.

Mama Phelista aliita, si kwa nguvu. "Nakhumicha, wee. Njoo nyumbani."

Msichana alikuwa ng'ambo ya uwanja, amevaa jezi nambari tisa ambayo hakuna aliyempa, na aliposikia alianza kukimbia, kichwa kikiwa kimeinama kushoto, na mvua ikaanza naye, matone mazito ya kwanza yakipiga majivu na kuyarusha, na nyayo zikasikika, za mtu mmoja, kisha za wawili, za mmoja mzito anayebaki nyuma na za mwepesi anayetangulia, na harufu ya kafuri ikawafikia kabla yake, ikaingia puani na kooni mpaka Wakoli, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa stoo na karatasi zake za kamati, akageuka ukutani, na Barasa akaanza kusema Agneta, Agneta, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, na kwa kitambo kimoja kwenye kona ya mwisho uso wa msichana ulinyooka na macho yake yakamtafuta Barasa, yakampata, yakamjua, mdomo ukafunguka kumwita, na nyuma ya uso huo, karibu mno, uso mwingine ukaendelea kuja, na wote wakaona kwamba Mama Phelista alikuwa amekunja mikono kifuani kama alivyoagizwa, ameikunja kwa nguvu hadi vidole vimekuwa vyeupe.

"Sema," alisema Kukhu. "Sema sasa."

"Wewe nilikuzika," alisema Mama Phelista.

Msichana alisimama hatua moja mbele yake, amelowa, anahema.

"Mama," alisema. "Kule ni baridi."

Mvua ilinyesha. Mama Phelista alimwangalia. Kisha mikono yake ilifunguka yenyewe, kama kitu kilichochoka, na akamfunika na kanga.

"Twende ukabadilishe nguo," alisema. "Utaugua."

Kukhu Nakhungu alichukua fimbo yake na kuondoka uwanjani bila kuaga. Barasa hakusogea. Alisimama pale mpaka mistari ya majivu ikafutika yote, na mwalimu akasimama naye, kwa sababu hakuna kilichomjia akilini cha kufanya.

Barasa alienda polisi. Askari wa zamu alikuwa mvumilivu. Alitaka kujua kama dada yake amepotea.

"Hapana. Yuko Misikhu."

"Ametekwa nyara?"

"Hapana. Hataki kurudi. Hanijui."

"Basi amekua, kijana," askari alisema, na akafunga kitabu.

Shuleni, kwenye karatasi, hakukuwa na dosari. Agneta Nekoye hakuwa amewahi kushindana, na akaandikwa amehama. Phelista Nakhumicha hakuwa amewahi kuondolewa kwenye daftari, na akaandikwa amerudi nyumbani kwa ruhusa ya mzazi. Timu haikwenda mashindano ya mkoa. Kombe liko palepale juu ya kabati, na kitambaa chake hufuliwa.

Barasa hupita Misikhu siku za soko. Huchagua nyanya kwa muda mrefu. Msichana mrefu aliye nyuma ya mafungu, mwenye kovu gotini, humwita kastoma na kumwongezea moja, na mama yake huangalia upande mwingine.

Kamati ilikaa mara ya mwisho mwezi wa Oktoba. Ilibainika kwamba jezi nambari tisa, iliyorudishwa na mzazi ikiwa imefuliwa, sasa inalala kavu. Bwana Wakoli aliwapongeza mafundi waliokuwa wamekarabati paa. Ripoti ilipitishwa, na katibu akatia sahihi.

Paa lilikuwa halijaguswa. Mwalimu alikuwa amempa mtoto aliye hai jina la mtoto aliyekufa, na aliyekufa alikuja, akapelekwa nyumbani na mama yake, ndani ya mwili wa Agneta Nekoye.